Windows ya Maskini

Wasomaji wangu, leo sina adabu sana. Nataka tuongee kuhusu Windows ya maskini. Hilo si jina lake rasmi, bila shaka. Mwaka 2004 iliitwa Windows XP Starter Edition, halafu ikaja Vista Starter, kisha Windows 7 Starter, na siku hizi jamaa yao wa karibu anaitwa S mode. Majina yanabadilika, wazo ni lile lile: mwenye pesa kidogo apewe mfumo endeshi ule ule wa tajiri, ila kwanza mtu akae chini aukatekate.

Kwa mgeni wa mambo haya, mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka ukiwasha kompyuta (au tarakilishi, kama mwalimu wako wa Kiswahili anakuchungulia begani). Ndiyo inayosimamia diski, skrini, kibodi na programu nyingine zote. Bila hiyo laptopu yako ni trei ghali ya kubebea chai. Windows ni mfumo mmoja, macOS ni mwingine, na Linux ni ile ya bure ambayo pengine umeisikia kwa vijana wasumbufu kama mimi.

Nianze na XP Starter, maana kuna wanaosoma hapa ambao mwaka ule walikuwa bado wananyonya. Microsoft iliitangaza mwaka 2004 kwa nchi tano za majaribio: Thailand, Malaysia, Indonesia, India na Urusi. Hukuweza kuinunua peke yake kwenye boksi. Ilikuja tu ndani ya kompyuta mpya za bei nafuu. Maelezo yao yalikuwa matamu: huyu ni mtu anayegusa kompyuta kwa mara ya kwanza, tumrahisishie, tumwekee lugha yake, tumwekee picha za nchi yake kwenye skrini. Mpaka hapo nani atapinga?

Halafu mtu anaanza kuitumia. Programu tatu kwa wakati mmoja, basi. Ukigusa ya nne, mashine inakataa. Kila programu nayo isizidi madirisha matatu. Hakuna akaunti tofauti za baba, mama na watoto kwenye kompyuta moja ya nyumba nzima. Hakuna kuunganisha kompyuta mbili za nyumbani ili zitumie printa moja. RAM ilikuwa na kikomo, diski ilikuwa na kikomo, hata skrini ilikuwa na kikomo. Fikiria unaandika barua ya kuomba kazi, kamusi iko wazi, barua pepe iko wazi, halafu unataka kikokotoo. Funga kitu kimoja kwanza, ndugu.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo naomba unisikilize hapa hata kama kwingine utanipuuza. Watu wengi hudhani programu ya bei nafuu ni kama gari dogo: bati kidogo, injini ndogo, ndiyo maana bei ni ndogo. Sivyo. Windows haina bati. Nakala ya kwanza ndiyo inayokula mabilioni, nakala ya pili ni kunakili faili. Uwezo wa kufungua programu nne ulikuwa tayari umo ndani ya XP, ulikuwa umekwisha kulipiwa. Ili mashine ikatae ya nne, ilibidi mhandisi aandike kihesabu. Ilibidi aamue nini kihesabiwe na nini kisihesabiwe, kwa sababu kizuia virusi kikihesabiwa mteja anabaki na programu mbili. Ilibidi mtu apime kama katazo linafanya kazi, na mwingine atafsiri ujumbe wa kukataa kwa lugha ya mteja, ili akataliwe kwa lugha ya mama yake. Hiyo yote ni kazi ya ziada. Windows ya maskini ilihitaji jasho la nyongeza kuliko Windows ya tajiri, na mwisho wake ikawa na thamani ndogo zaidi.

Kwa nini mtu alipe wahandisi waharibu bidhaa yake mwenyewe? Swali hili lina umri kuliko kompyuta. Mwaka 1849 mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliandika juu ya nauli za treni na mabehewa ya daraja la tatu, yale yasiyo na paa na yenye benchi za mbao. Alieleza kwamba si gharama ya paa iliyowafanya wenye reli wawaanike abiria wa daraja la tatu. Walichotaka ni yule mwenye uwezo wa kulipa daraja la pili aogope kushuka daraja la tatu. Maskini ananyeshewa ili tajiri aendelee kulipa.

Mwaka 1990 IBM ilitoa printa iitwayo LaserPrinter E, ya bei nafuu kuliko LaserPrinter ya kawaida. Ya kawaida ilichapa kurasa kumi kwa dakika, hii tano. Ndani mashine ni ile ile, tofauti ni kwamba ya bei nafuu iliongezewa maagizo ya kuisubirisha. Mwaka uliofuata Intel ikatoa prosesa ya 486SX, na zile za mwanzo zilikuwa 486DX ambazo kitengo chake cha hesabu za desimali kimezimwa. Wanauchumi wana jina la biashara hii: bidhaa zilizoharibiwa. Hawasemi kwa ubaya, wengine wanaitetea. Wanasema mwenye printa ya kurasa tano angekosa printa kabisa kama bei ingekuwa moja.

Haya, hoja hiyo naiheshimu. Lakini kwa printa, kurasa tano ni kurasa tano. Ukisubiri mara mbili, kazi yako inaisha na ni ile ile. Kompyuta haiko hivyo. Kompyuta ni mashine ambayo faida yake iko katika lile jambo ambalo hukulijua ulipoinunua. Mtoto anafungua hiki, anakidhuru, anafungua kile, analinganisha, anaharibu, anatengeneza. Hivyo ndivyo waandishi wa programu wanavyozaliwa, hakuna njia nyingine. Unapomwekea mtoto wa Chiang Mai ukuta kwenye programu ya nne, hujampunguzia kasi tu. Umemfundisha kwamba mashine ina mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Na kama mtu bado anadhani ukuta ule ulikuwa wa kumsaidia mgeni asichanganyikiwe, atazame mwaka 2009. Starter za XP na Vista zilikuwa za nchi zinazoendelea. Windows 7 Starter ilipangwa kuuzwa dunia nzima, kwenye zile laptopu ndogo za netibuku, zikiwemo za Ulaya na Marekani. Mwanzoni ilitangazwa na ukuta wake wa programu tatu kama kawaida. Kelele zikapigwa. Mwezi Mei 2009 Microsoft ikatangaza ukuta umeondolewa, na bidhaa ilipotoka Oktoba ukuta haukuwepo. Kwa hiyo mgeni wa kompyuta wa Jakarta alihitaji kulindwa dhidi ya programu ya nne kwa miaka mitano, na mgeni wa kompyuta wa Ohio hakuvumilia hata miezi mitano. Waliacha vikwazo vingine, kimoja cha kuchekesha mno: hukuweza kubadilisha picha ya skrini. Jamani! Picha ya nyuma! Mtu amenunua laptopu kwa pesa yake, hawezi kuweka picha ya mtoto wake.

Utaniambia hayo ni ya kale. Basi tuje nyumbani.

Mwaka jana shangazi yangu alinunua laptopu kwa ajili ya binamu yangu aliyekuwa anaingia chuo kusoma mambo ya kompyuta. Duka halina haja ya kutajwa, liko mjini na yako mengi kama hilo. Mpya kabisa, nyembamba, RAM ya GB 4, diski ya GB 64, bei nzuri, muuzaji akasema ni ya wanafunzi. Wiki ya pili nikapigiwa simu. "Mtoto wa kaka yangu, hii mashine niliuziwa mbovu? Inasema programu za mwalimu haziruhusiwi."

Haikuwa mbovu. Ilikuwa kwenye S mode. Hii ilianza mwaka 2017 kama Windows 10 S, na leo ipo kwenye Windows 11 Home. Mashine inakubali programu kutoka duka la Microsoft tu. Kivinjari cha kawaida kinabaki kuwa Edge. Dirisha la kuandika amri, lile jeusi ambalo mwanafunzi wa kompyuta analihitaji siku ya kwanza darasani, limezimwa. Nitasema haki: kutoka S mode ni bure, unabonyeza mahali fulani dukani mwao na ukishatoka hurudi. Na usalama wake si uongo, mashine isiyokubali programu ngeni haishikwi na virusi kirahisi. Kwa ofisi yenye makarani 40 na fundi mmoja, mimi mwenyewe ningeiacha.

Lakini huyu ni mwanafunzi, na shangazi ni muuza mboga ambaye alijinyima ili alipe. Kwenye boksi hakuna aliyemweleza kwamba kuna mlango na umefungwa, wala kwamba ufunguo uko ndani ya kitu kinachohitaji intaneti. Muuzaji naye hakujua, nilimpigia. Binti akakaa wiki mbili akiamini tatizo ni yeye, hana akili ya kompyuta. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Dakika tano nilizotumia kuifungulia si kitu, hizo wiki mbili ndizo sizisamehi.

Sasa Linux inaingia wapi? Wengi watadhani nitasema Linux ni nzuri, Windows ni mbaya, kwaherini. Nataka kusema jambo ambalo hata asiyetaka kuigusa Linux maisha yake yote anapaswa kulijua: kila mara Windows iliposhuka bei au kufunguliwa mnyororo, ukitafuta vizuri utakuta Linux imesimama mlangoni.

Mwaka 2003 serikali ya Thailand ilianzisha mpango wa kompyuta za bei nafuu kwa wananchi, zikiwa na Linux ya Kithai. Wananchi wakazichangamkia. Microsoft ikashusha bei: Windows XP Home ya Kithai pamoja na Office, vyote viwili, kwa chini ya dola 40. Soma tena sentensi hiyo. Windows ambayo haijakatwa programu ya nne, na Office juu yake. Kumbe iliwezekana kumuuzia maskini kitu kizima kwa bei ya maskini, na dunia haikuanguka. Mwaka uliofuata ndipo Starter ikaja, na nchi ya kwanza katika orodha ni Thailand hiyo hiyo.

Mwaka 2005 Brazil, chini ya Lula, ilikuwa inapanga kuwapa wananchi kompyuta za mkopo nafuu. Microsoft ikawaletea Starter. Wabrazili wakasema hapana, pesa ya umma haitanunua mfumo uliokatwa mguu, wakachagua programu huria. Mwaka 2007 Asus ikatoa netibuku yake ya Eee PC ikiwa na Linux ndani, ikauzika kama maandazi ya asubuhi. Wakati huo Microsoft ilikuwa inaiandaa XP kwa mazishi, mauzo yaishe Juni 2008. Aprili 2008 wakaifufua kwa ajili ya kompyuta ndogo za bei nafuu, kwa sababu Vista ilikuwa nzito mno kwa mashine zile na uwanja ungebaki wa Linux peke yake. Na mwaka 2014, Chromebook zilipoanza kula soko la chini, ikatoka Windows 8.1 with Bing, ambayo watengenezaji wa mashine za bei nafuu waliuziwa kwa bei iliyopunguzwa. Kwa punguzo! Kampuni ile ile iliyokuwa ikituhesabia programu.

Kwa hiyo swali la "nani anatumia hiyo Linux yako?" halinisumbui tena. Hata ukiwa na watumiaji wachache, mshindani wa bure ndiye anayemfanya mwenye duka awe mstaarabu.

Kwetu Kenya kuna mshindani wa tatu, naye tusimfiche. Ni Windows nzima ya wizi. Unaenda kwa fundi River Road au Luthuli, unampa shilingi mia chache, baada ya saa moja una Windows Pro, Office, Photoshop na vingine ambavyo hukuomba. Huyu ndiye aliyeiua Starter mitaani kabla Linux haijavaa viatu. Nani atalipia programu tatu wakati zote ziko kwa fundi? Simhukumu fundi, ana watoto. Lakini kile kiwashio cha wizi unachoendesha ili Windows idhani imelipiwa, kinakuomba kwanza uzime kizuia virusi, na wewe unazima! Umempa mtu usiyemjua funguo za nyumba usiku. Na wengi huzima masasisho pia, wakiogopa kugunduliwa. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipozunguka dunia vikifunga faili za watu na kudai fidia, kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Walioumia ni wale ambao kiraka hakikuwafikia.

Programu huria haina mchezo huo. Leseni yenyewe inakuambia uinakili, umpe jirani, uifungue, uibadilishe. Fundi wa Luthuli anaweza kuiweka mchana kweupe na kukudai pesa ya kazi yake, na hajamwibia mtu.

Na inakuja nzima. Hakuna Linux ya maskini. Kuna Linux nyepesi, ndiyo, na hapa watu huchanganya. Lubuntu, au Mint yenye Xfce, zimepunguzwa madoido ili zikimbie kwenye mashine dhaifu. Lakini aliyepunguza hakufunga mlango. Ukitaka kurudisha madoido yote mpaka mashine ikohoe, andika amri moja, ni mashine yako. Kupunguza mzigo ili punda afike si sawa na kumfunga punda mguu ili ununue farasi.

Mfano mzuri wa hili uko hapa jirani. Desemba 2004, miezi michache tu baada ya Starter kutangazwa, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, seti nzima ya programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa. Chanzo cha programu kilikuwa wazi, wakakaa wakatafsiri. Microsoft nayo ilileta kifurushi chake cha Kiswahili, na naipongeza. Tofauti ni kwamba neno la Jambo likikuudhi unaweza kulirekebisha wewe mwenyewe. La Microsoft likikuudhi, unaudhika.

Sasa niwageukie wenzangu wa Linux, maana nao wana yao. Mgeni anakuja kuuliza kwa nini Wi-Fi haishiki, tunamjibu akasome mwongozo. Anauliza achukue ipi, tunamtajia kumi na saba na kuanza kupigana sisi kwa sisi. Tunamwambia mhasibu ahame kesho wakati programu yake ya hesabu haipo huku, na fomu anazotumiwa kazini zina makro za Excel ambazo LibreOffice inazitafuna vibaya. Ukimhamisha huyo kwa nguvu, ndani ya mwezi atarudi kwa fundi, na atamwambia kila mtu kwamba Linux ni takataka. Mhasibu mwache. Mbunifu anayeishi ndani ya Photoshop mwache pia. Lakini mwanafunzi, mwandishi, duka la kuchapisha barua, mzee anayesoma magazeti na kuongea na watoto walio ng'ambo, maabara ya shule yenye kompyuta 20 za msaada, hawa wote wanalipia Windows au wanaiiba bila sababu.

Na wakati wenyewe ndio huu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inataka TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Sasa tembea madukani uangalie laptopu za ex-UK, ndizo zinazosomesha nchi hii. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha sita. ThinkPad T450 ni cha tano. Mashine imara, kibodi tamu, zina miaka mingi mbele yake, na rasmi hazitakiwi. Huu ni ukuta wa programu tatu kwa sura nyingine: safari hii hawakuhesabii madirisha, wanakuhesabia umri wa prosesa. Linux Mint 22 inaomba RAM ya GB 2 tu, japo 4 ni afadhali, na itapata masasisho mpaka 2029.

Usiniamini mimi. Tafuta flashi ya GB 8, pakua Mint yenye Xfce kwenye intaneti ya usiku, iandike kwenye flashi, washa laptopu kutoka hapo bila kugusa diski yako. Jaribu Wi-Fi kwanza, ndiyo inayosumbua. Kisha sauti, kisha kamera, kisha printa ya ofisini. Fungua programu nne. Wi-Fi ikikataa, chomoa flashi, uzime na kuwasha, Windows yako iko pale pale ulipoiacha.